Wembe, Marashi na Kumbukumbu za Askari

Siku ya askari huanza kwa wembe. Kabla ya tarumbeta ya gwaride, kabla ya chai, kabla hata ya kufunga kamba za viatu, mwanajeshi na polisi husimama mbele ya kipande cha kioo, aghalabu kilichovunjika pembeni, akaziondoa ndevu za usiku. Baada ya wembe hufuata jambo la pili ambalo halimo katika kanuni za jeshi, wala mkuu wa kikosi hawezi kulikagua kwa macho. Ni yale matone machache ya maji makali yenye harufu nzuri, ambayo madukani huitwa aftashevu, na ambayo wengine huyajumlisha yote kwa jina la kolonya. Tungependa leo kuwaambia wasomaji wetu habari za matone hayo, kwa kuwa yana historia ndefu ya kijeshi, na kwa kuwa, kama itakavyoonekana, yanawahusu zaidi wale tunaowaacha nyumbani kuliko sisi tunaoyapaka.

Tuanze na wembe wenyewe. Si kila jeshi lilikuwa likinyoa. Katika jeshi la Uingereza, kwa miaka mingi, askari alikatazwa kuunyoa mdomo wa juu. Masharubu yalikuwa amri sawasawa na viatu. Amri hiyo ilifutwa mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa mkono wa Jenerali Nevil Macready, ambaye yeye mwenyewe hakuyapenda masharubu yake hata kidogo. Wakati huo gesi ya sumu ilikuwa imekwisha kuingia vitani, na barakoa ya kujikinga nayo haishiki vizuri juu ya ndevu. Marekani ilipoingia katika vita hivyo mwaka 1917, serikali yake iliagiza kutoka kampuni ya Gillette nyembe za mpini zipatazo milioni 3.5 kwa ajili ya askari wake. Vijana waliokuwa wakinyolewa na kinyozi mara mbili kwa juma wakajifunza kujinyoa wenyewe kila asubuhi, na vita vilipokwisha wakarudi kwao na desturi hiyo. Hivyo kidevu laini cha mwanamume wa mjini ni zawadi ya jeshi, ingawa raia wachache wanalijua hilo.

Na panapopita wembe hubaki mikwaruzo. Maji yale huwa na spiriti, ndiyo maana huuma. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuua vijidudu katika ngozi iliyokatwa. Harufu ilitiwa ili dawa ipendeze. Lakini watu wakaisahau dawa na kuipenda harufu.

Kolonya ni kongwe kuliko wembe wa Gillette kwa karibu karne mbili. Mwanzilishi wake alikuwa Mwitalia, Giovanni Maria Farina, aliyezaliwa mwaka 1685 katika kijiji cha milimani kaskazini mwa Italia, kisha akahamia katika mji wa Cologne, Ujerumani, kufanya biashara. Mwaka 1708 alimwandikia ndugu yake barua akimweleza kwamba amepata harufu inayomkumbusha asubuhi ya kwao, maua ya milimani na maua ya michungwa baada ya mvua. Mwaka uliofuata nyumba ya biashara ya familia yao ikafunguliwa mjini humo, na maji hayo yakapewa jina la mji uliompokea. Yalitengenezwa kwa spiriti safi na mafuta ya maganda ya matunda ya jamii ya chungwa na limau, hasa lile liitwalo bergamoti. Msomaji na aitazame habari hii kwa makini. Mtu yuko ugenini, mbali na mama yake, katika mji wa baridi, naye anaitafuta asubuhi ya kijijini kwao ndani ya chupa. Hana bunduki wala kombati, lakini askari yeyote aliyelala miezi tisa katika kambi ya mbali atamwelewa mara moja.

Majeshi ndiyo yaliyoyasafirisha maji hayo. Cologne ni mji ulio kando ya mto Rhine, na katika vita vya karne ya 18 askari wa Ufaransa walipita hapo na kukaa hapo, wakarudi kwao na chupa mifukoni. Chapa nyingine mashuhuri ya mji huo, 4711, hadi leo imebeba namba ya nyumba iliyoandikwa ukutani mwishoni mwa karne hiyo hiyo.

Askari mashuhuri kuliko wote walioipenda kolonya alikuwa Napoleon Bonaparte. Watumishi wake waliandika kwamba alisuguliwa kolonya mabegani na mgongoni kila siku, na kwamba aliitumia kwa wingi usio wa kawaida hata akiwa safarini na majeshi yake. Aliposhindwa mwaka 1815 Waingereza walimpeleka katika kisiwa cha Mtakatifu Helena, katikati ya bahari ya Atlantiki, akae huko hadi kufa. Askari aliyekuwa ameamrisha nusu ya Ulaya sasa hakuwa na jeshi wala mke wala mwana, na baada ya muda hata kolonya ikamwishia. Basi mtumishi wake Louis-Étienne Saint-Denis, ambaye katika nyumba ya Napoleon aliitwa Ali, akajaribu kuitengeneza upya, kwa viungo alivyoweza kuvipata na kwa kufuata kumbukumbu ya pua. Kanuni yake imehifadhiwa, na katika zama zetu hizi mafundi wa manukato huko Versailles wameitengeneza tena. Napoleon alifia kisiwani humo tarehe 5 Mei 1821. Wanahistoria wameandika vitabu vingi juu ya mizinga yake, lakini mimi naona kwamba ile chupa ya Ali inatuambia jambo ambalo mizinga haisemi juu ya moyo wa askari.

Katika karne ya 20 biashara hii ilihamia Marekani. Mwaka 1937 kampuni ya Shulton ya New York ilitoa marashi ya wanawake yenye jina la Old Spice, na mwaka uliofuata yakatoka ya wanaume, katika chupa nyeupe yenye picha ya jahazi. Mwenye kampuni, William Lightfoot Schultz, alisema wazo alilipata kwa mamaye, aliyekuwa na desturi ya kuweka nyumbani chungu cha maua makavu na viungo. Kwa mara nyingine tena, kumbukumbu ya nyumbani! Harufu ya karafuu na mdalasini iliyomo katika chupa ile si ngeni kwa mtu wa Afrika Mashariki aliyewahi kula pilau, na huenda ndiyo sababu iliwaingia wazee wetu kwa urahisi. Baadaye, mwaka 1964, ikaja Brut ya kampuni ya Fabergé, chupa ya kijani yenye kidani shingoni. Huko Uingereza ilitangazwa na bondia Henry Cooper, yule yule aliyemwangusha Muhammad Ali chini mwaka 1963, wakati Ali akingali akiitwa Cassius Clay. Ali aliinuka akashinda, kama wapenzi wote wa ndondi wanavyojua, lakini Cooper naye alijipatia riziki kwa marashi.

Mwandishi wa makala haya ni mtoto wa kota za jeshi, na anaweza kushuhudia kwamba mtoto wa kota huwajua wakubwa kwa pua kabla ya kuwajua kwa cheo. Sajini meja wetu alitanguliwa na harufu yake kwa hatua kumi. Sisi tuliokuwa juu ya mwembe wa ofisi ya stoo tulikuwa na muda wa kutosha kushuka na kutawanyika, naye hakupata kutambua kwa nini mwembe ule haukuwa na wezi lakini haukuwa na maembe pia. Mhasibu wa kikosi alinukia mnanaa. Kasisi alinukia sabuni tu. Baba, aliyekuwa koplo, alitumia ile chupa nyeupe yenye jahazi, tena kwa uchumi mkubwa: matone mawili kiganjani, kofi moja shavu la kulia na moja la kushoto, kisha mabaki kwenye kola. Chupa moja ilikaa naye zaidi ya mwaka. Ilipokwisha, mama alitia maji kidogo ndani yake, akaitikisa, akaitumia siku mbili zaidi kwenye mashuka.

Mama zetu nao hawakuwa wanafunzi katika elimu hii. Anayeijua Bombo anajua kwamba Wanubi wetu, ambao mababu zao walikuwa askari wa Kisudani waliochukuliwa na Lugard kutoka Kavalli, kando ya Ziwa Albert, mwaka 1891, walileta pamoja na bunduki zao elimu kamili ya manukato: ubani, udi, na nguo zinazofukizwa usiku kucha kabla ya sikukuu. Katika nyumba nyingi za askari palikuwapo pia kichupa kidogo cha Bint el Sudan, mafuta mazuri yaliyobuniwa karibu mwaka 1920 mjini Khartoum na Mwingereza Eric Burgess wa kampuni ya W. J. Bush ya London. Hayana spiriti, kwa hiyo Mwislamu aliyapaka bila wasiwasi. Baba wa nyumba aliporudi kutoka kazi ya mbali, harufu ya wembe wake ilikutana mlangoni na moshi wa udi wa mkewe. Hadi leo, mwandishi akipita mahali penye harufu hizo mbili pamoja, hata kama ni ndani ya basi lililojaa watu, hugeuza shingo kumtafuta mtu ambaye anajua kabisa kwamba hayumo.

Kwa nini pua ina uwezo huo? Wataalamu wana jibu. Habari za jicho na za sikio, zikiingia kichwani, hupita kwanza katika kituo kimoja cha ubongo kinachozigawa, mfano wa ofisi ya masijala inavyogawa barua. Habari za pua hazisubiri masijala. Kutoka juu ya pua zinakwenda karibu moja kwa moja hadi sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu. Mwaka 1991 wanasayansi wawili wa Marekani, Linda Buck na Richard Axel, walizigundua chembe za urithi zinazoiwezesha pua kutofautisha harufu. Binadamu anazo za aina zipatazo 400 zinazofanya kazi, na kwa ugunduzi huo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Ndiyo maana mtu akiona picha hukumbuka kwanza jina, na akinusa hukumbuka kwanza moyo. Jina huja baadaye, na pengine lisije.

Jambo hili lina upande wa pili, nasi hatutauficha kwa wasomaji ambao baadhi yao wameyaona mapigano. Harufu ya dizeli, ya baruti, ya kitu kilichoungua, humrudisha askari mahali ambapo hakutaka kurudi. Madaktari wanaowatibu askari waliojeruhiwa nafsi wanalijua hili, na huko Marekani katika matibabu ya waliorudi kutoka Iraki wametumia hata mashine za kutoa harufu, ili mgonjwa azoee pole pole chini ya uangalizi. Askari anayetokwa jasho ghafula karibu na gari linalowaka moto si mwoga. Ni pua yake inayofanya kazi kama ilivyoumbwa. Aende kwa daktari wa kikosi aseme.

Kazi ya uhusiano wa jeshi haiishii katika kupiga picha za wageni mashuhuri. Pamoja na mengine humpeleka ofisa katika nyumba zenye msiba. Miaka kadhaa iliyopita tulirudisha kwa familia moja, katika wilaya ya mbali, mali za kijana wao aliyefariki akiwa katika kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, ambako majeshi yetu yaliingia Machi 2007. Mkoba ulikuwa umepangwa vizuri. Wenzake, kwa mapenzi na heshima, walizifua nguo zake zote, wakazipiga pasi, wakazikunja kama kwa ukaguzi. Mama mzazi aliitoa fulana ya kwanza akaiweka usoni. Akaitoa ya pili. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, “Mwanangu, nani alizifua?”

Nikamwambia, “Mama, ni wenzake. Waliona si heshima kukuletea nguo chafu.”

Akasema, “Mungu awabariki,” akaendelea kuzikunja upya moja moja, wala hakulia.

Mjane ndiye aliyefungua kimfuko cha kunyolea. Kilikuwamo kiwembe, brashi iliyopungua nywele, na chupa ya aftashevu iliyobaki chini ya nusu. Alimtilia mama mkwe wake tone moja kiganjani. Hapo ndipo mama yule alipolia, na watu wa nyumbani wakasema kwamba ni vema, kwa kuwa tangu habari ilipofika alikuwa hajatoa chozi. Tangu siku hiyo mwandishi huyu, kila apatapo nafasi ya kuzungumza na makamanda wa kombania, huwaomba jambo moja dogo: nguo za marehemu zisifuliwe zote. Iachwe moja, ifungwe vizuri, na jamaa waambiwe kwamba ipo, ili wachague wenyewe.

Hata hivyo, yale yanayopendeza mlangoni pa nyumbani ni adui msituni. Wakati wa vita vya Malaya mwanzoni mwa miaka ya 1950, ambako vikosi vya King's African Rifles kutoka Afrika Mashariki vilipelekwa, watu waliokwenda doria walifundishwa kwamba katika msitu mnene, ambamo jicho halioni mita ishirini, pua huona mbali zaidi. Sabuni ya harufu, mafuta ya nywele na sigara viliweza kuisaliti seksheni nzima. Katika misitu ya Kenya miaka hiyo hiyo wapiganaji wa Mau Mau nao walisimulia baadaye kwamba waliwanusa askari wa Uingereza kabla ya kuwaona. Huko Vietnam vikosi vya Marekani vya doria ya mbali viliacha sabuni na marashi siku kadhaa kabla ya kutoka. Mtu anayelala mwituni majuma matatu hunukia moshi, udongo na jasho, na pua yake husafishika hata akaisikia harufu ya kolonya upande wa upepo kama mtu wa mjini anavyosikia honi. Polisi wenzetu wanaovizia wezi wa mifugo au magendo mpakani nao wanaambiwa yayo hayo. Kijana aliyejipaka Ijumaa jioni kwa ajili ya dansi asidhani kwamba kunawa uso kunatosha kwa ajili ya kuvizia alfajiri ya Jumamosi, kwani marashi hukaa katika kola na katika mkanda wa kofia.

Neno moja la haraka juu ya ngozi, maana tumeulizwa mara nyingi. Nywele za ndevu zetu Waafrika zimejipinda, na zikinyolewa karibu mno hugeuka zikaingia tena ndani ya ngozi na kuleta vipele. Spiriti haiviponyi vipele hivyo, huviwasha. Mwenye kuvipata alowanishe ndevu kwa maji ya vuguvugu, anyoe kufuata zinakoelekea, asiivute ngozi, na akishindwa amwone mganga wa kikosi kabla ya kumwona sajini meja. Na chupa zinazouzwa stendi kwa bei ya soda, zenye jina kubwa lililoandikwa kwa herufi zilizopinda, ziachwe huko huko stendi. Hakuna ajuaye spiriti gani imetiwa ndani, na kuna spiriti ambazo kiwanda huzitumia kusafishia mashine.

Mwezi uliopita, katika kambi moja ambayo haina haja ya kutajwa, tulimkuta sajini wa makamo ambaye vijana wake walimtania kwamba hanukii kitu. Katika sanduku lake la chuma mlikuwa na wembe, sabuni ya mche na kipande cha jiwe la shabu la kuzuia damu, basi. Tulidhani ni ubahili, tukamwuliza kama hapendi marashi.

“Napenda, afande,” akasema. “Chupa yangu iko nyumbani, juu ya kabati, miaka kumi na mmoja sasa, aina ile ile. Nikipata likizo napiga simu nikiwa njiani. Nikishuka kwenye pikipiki pale barabarani, yule mdogo wa mwisho anakimbia nayo kuniletea, najipaka papo hapo chini ya mti, ndipo tunaingia.”

Tukamwuliza mtoto ana miaka mingapi.

“Sita. Mwaka jana alikuwa anaimwaga njiani. Sasa anaishika kwa mikono miwili.”